Maji ya Kwale: Lipi la Serikali Kuu, Lipi la Kaunti?

Kwa muda wa miaka mingi wenyeji wa Kwale wamekuwa wakiuliza swali ambalo ni jepesi kuulizwa na zito kujibiwa. Chemchemi za Marere zimo katika vilima vya Shimba, na visima vya Tiwi vimechimbwa katika ardhi ya Kwale. Maji ya Marere hupita ndani ya bomba mpaka Mombasa, na ya Tiwi hunywewa Ukunda na Diani na hata Likoni, ng'ambo ya mpaka wa kaunti. Walakini zipo nyumba zilizo karibu na njia ya bomba ambazo watu wake huamka alfajiri na mitungi kwenda kutafuta maji kwingine. Je, maji haya ni ya nani? Na mtu akikosa maji amwendee nani: Serikali Kuu iliyoko Nairobi, au Serikali ya Kaunti iliyoko mjini Kwale?

Jambo hili ndilo lililo katikati ya mabishano yote ambayo wasomaji wetu wamesikia baina ya maofisa wa maji wa kaunti na Wizara ya Maji, kila mara Serikali Kuu inapoleta shauri jipya la sheria. Magazeti huandika kwamba magavana wamekataa, au kwamba Wizara imeshikilia neno lake, lakini ni mara chache mtu huelezwa wanachogombea hasa. Yafaa basi kulieleza jambo hili tangu mwanzo wake.

Zamani shughuli yote ilikuwa ya mlango mmoja. Sheria ya Maji iliyoanza kutumika mwaka 1952 iliyaweka maji yote ya nchi chini ya Serikali, na hata baada ya Uhuru mwaka 1963 mpango huo haukubadilika. Mwaka 1974 Serikali ilitengeneza mpango mkuu wa maji kwa kusudi la kumfikishia kila mtu maji ifikapo mwaka 2000. Mwaka 1988 likaundwa Shirika la Taifa la Kuhifadhi Maji na Mabomba, likakabidhiwa mitambo mikubwa. Kila mtu anajua kwamba mwaka 2000 ulifika na kupita, na mitungi ingali vichwani.

Ndipo ikatungwa Sheria ya mwaka 2002. Sheria hiyo ilitenganisha kazi ya kulinda maji yaliyomo mitoni na ardhini na kazi ya kuyapeleka majumbani. Kulinda kulipewa mamlaka moja, na kupeleka kulipewa bodi za mikoa, ambazo nazo ziliweka makampuni ya kuuza maji. Hapa kwetu Bodi ya Huduma za Maji ya Pwani ndiyo iliyokuwa na mitambo, na Kampuni ya Maji ya Kwale ikawa mwenye kusoma mita na kupokea fedha. Mitambo ilikuwa ya bodi, na bodi ilikuwa ya Nairobi.

Tarehe 27 Agosti 2010 Katiba mpya ikatangazwa, na katika Jedwali lake la Nne kazi za serikali hizi mbili zikagawanywa. Mambo ya kulinda vyanzo vya maji, maji yanayopakana na nchi nyingine, na usalama wa mabwawa, yaliwekwa kwa Serikali Kuu. Huduma za maji na za usafi ziliwekwa kwa kaunti. Kadhalika Kifungu cha 43 kilimpa kila mtu haki ya kupata maji safi na salama ya kutosha. Kaunti zilianza kazi baada ya uchaguzi wa Machi 2013, na mnamo Agosti mwaka huo zikakabidhiwa kazi zao rasmi.

Ukisoma maneno hayo utadhani jambo limekwisha: chemchemi kwa Nairobi, mfereji kwa Kwale. Lakini baina ya chemchemi na mfereji kuna kitu kirefu sana, nacho ni bomba. Kuna pampu, matangi, mitambo ya kusafisha maji, na madeni yaliyokopwa ili kuvijenga vitu hivyo. Je, bomba la kutoka Marere ni sehemu ya chanzo, au ni sehemu ya huduma? Katiba haikulitaja bomba. Mabishano yote yaliyofuata yalizaliwa hapo.

Muswada mpya wa maji ulifika Bungeni mwaka 2014, ukakaa huko hata mwaka 2016. Ndani yake Wizara ilipendekeza zile bodi za mikoa zivunjwe, na mahali pake yaundwe mashirika ya kujenga mitambo ya maji, yaliyo chini ya Serikali Kuu vilevile. Baraza la Magavana lilipinga. Walisema kwamba hizi ni bodi zilezile zilizovalishwa kanzu nyingine, na kwamba Katiba imekwisha kutoa huduma za maji kwa kaunti, kwa hiyo mitambo, fedha na watumishi wake sharti vifuate kazi. Haifai, walisema, mtu kuambiwa kwamba shamba ni lako lakini jembe litakaa kwa jirani.

Serikali Kuu nayo ilikuwa na hoja zake, na ni haki zielezwe. Hoja ya kwanza ni kwamba bomba moja hupita kaunti nyingi. Maji ya Mzima, ambayo bomba lake lilikamilika mwaka 1957, hutoka Taita Taveta na kunywewa Mombasa. Maji ya Baricho katika mto Sabaki hutoka Kilifi na kunywewa huko na Mombasa pia. Kila kaunti ikishika kipande chake cha bomba, nani atafungua na nani atafunga? Hoja ya pili ni ya mikopo. Wakopeshaji wa ng'ambo hutaka dhamana ya Hazina ya taifa, na aliyeweka dhamana hapendi kuachia mali kabla ya deni kulipwa.

Sheria ya Maji ya mwaka 2016 ilipitishwa, ikaanza kutumika Aprili 2017. Mashirika ya ujenzi yalibaki kwa Serikali Kuu kama Wizara ilivyotaka. Walakini sheria iliongeza sharti kwamba mtambo ukishajengwa na kuanza kazi, Shirika lifanye mapatano ya kuukabidhi kwa kaunti au kwa kampuni ya kaunti. Kwetu Pwani, Shirika lililorithi Bodi ya zamani lilianza kwa jina lake jipya mwaka 2019, nalo linahudumia kaunti sita: Mombasa, Kwale, Kilifi, Taita Taveta, Tana River na Lamu.

Hapa mwandishi angependa kusimama kidogo kwenye neno moja, maana kazi yetu ya kufasiri imetufundisha kwamba ugomvi mkubwa hulala ndani ya neno dogo. Sheria ya 2016 inasema kwamba rasilimali zote za maji zimewekwa kwa Serikali Kuu ili izishike kwa niaba ya wananchi. Wengine wamelifasiri jambo hilo kuwa maji ni mali ya Serikali. Fasiri hiyo haifai. Watu wa Pwani wana neno lake barabara, nalo ni amana. Mtu akikuwekea amana ya mkufu wake, huwezi kusema mkufu ni wako, wala huwezi kumwuzia mwingine mwenyewe akiwa shingo tupu. Lakini pia neno hilo linawafunga watu wa Kwale wenyewe: mwenye amana ni wananchi wote wa Kenya, siyo tu wale waliozaliwa chini ya kilima cha Shimba. Kwa hiyo asemaye kwamba maji ya Marere ni ya Wakwale peke yao, sheria haiko upande wake. Asemaye kwamba mshika amana hawezi kumpitishia bomba mlangoni mwenyeji na kumwacha na kiu, huyo ana neno la haki, na hapo ndipo jawabu la kaunti lina nguvu zaidi.

Jambo hilo limeonekana wazi katika bwawa la Mwache, huko Kinango. Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa mradi wa maji wa Pwani, ambao bwawa hili ni sehemu yake kubwa, mwezi Desemba mwaka 2014, kiasi cha dola milioni 200. Kusudi kubwa la bwawa ni kuipatia Mombasa maji, pamoja na sehemu ya Kwale kwa kunywa na kwa kilimo. Ardhi itakayofunikwa na maji ni ya Kwale. Familia zilizohama ni za Kwale. Makaburi na minazi na mashamba ni ya huko. Haikuwa ajabu basi kwamba fidia ilileta manung'uniko na kazi ikachelewa, na kwamba wenyeji na viongozi wao waliuliza wazi: sisi tutapata maji kiasi gani, na kwa bomba gani? Swali la bomba gani ndilo la maana. Fungu la maji lililoandikwa kwenye karatasi halifiki Kasemeni kama hapakujengwa njia ya kulifikisha huko, na katika miradi mikubwa njia ya kwenda mjini ndiyo hupangwa kwanza.

Kwale si peke yake. Watu wa Murang'a wamedai sehemu ya mapato ya maji ya Ndakaini yanayokwenda Nairobi, na watu wa Taita Taveta wamedai vivyo hivyo kwa ajili ya Mzima. Kwa sababu ya madai ya namna hii Seneti ilianza kujadili tangu mwaka 2014 muswada wa kugawana faida ya mali ya asili, ili kaunti yenye mali ipate fungu lake. Jirani zetu wa Tanzania walikwenda njia nyingine kabisa: mwaka 2019 waliunda wakala wa maji vijijini, RUWASA, na kazi ya maji ya vijijini ikatoka katika halmashauri za wilaya ikaenda kwa wakala huo wa Serikali Kuu. Hao waliona kwamba wilaya zimeshindwa. Sisi tuliona kwamba Nairobi imeshindwa. Ni mapema kusema nani ameona vizuri zaidi.

Sasa tutoke kwenye mabomba makubwa tuende kusini, Diani na Msambweni, ambako watu wengi hawategemei bomba lo lote bali kisima.

Wazee wa Msambweni wanakumbuka mwanzoni mwa miaka ya 1980, wakati pampu za mkono zilipoletwa kujaribiwa katika vijiji vya pwani hii. Shirika la Umoja wa Mataifa la Maendeleo na Benki ya Dunia walikuwa wakitafuta pampu ambayo mwanakijiji ataweza kuitengeneza mwenyewe, na shirika la Kenya liitwalo KWAHO likawakusanya wenyeji, hasa akina mama, wakaunda kamati na kushika fedha za pampu. Katika majaribio hayo ya Kwale ndipo ilipokuzwa pampu ya Afridev, ambayo leo hupatikana katika nchi nyingi za Afrika. Ni jambo la kujivunia, ingawa ni wachache walijuao. Sifa yake ni kwamba fimbo na mpira wake huweza kutolewa kwa mkono bila mashine ya kuinulia. Katika vijiji ambako kamati ilikusanya fedha na kuzitunza, pampu zilidumu miaka mingi. Pengine pampu ilinyamaza kwa kukosa kipuri cha bei ndogo tu.

Baadaye, kufuatia utafiti ulioongozwa na Chuo Kikuu cha Oxford, ilianzishwa kampuni ya mafundi iitwayo FundiFix, inayofanya kazi Kwale na Kitui. Kijiji hulipa ada, na pampu ikiharibika fundi huja mara moja. Sheria ya 2016 inaruhusu mipango ya namna hii, kwa maana inaipa kaunti uwezo wa kufanya mapatano na vyama vya wananchi au na watu binafsi mahali ambapo kampuni kubwa ya maji haiwezi kupata faida. Tunalitaja jambo hili kwa makusudi. Katika mabishano ya Nairobi sehemu hii ya sheria haisikiki kabisa, na hali kwa mtu wa Mwaembe au Milalani huenda ikawa na faida kuliko mabwawa yote.

Lakini kisima nacho kina serikali mbili ndani yake. Pwani ya kusini imekaa juu ya mchanga na mawe ya matumbawe. Maji matamu ya mvua huzama humo na kuelea juu ya maji ya chumvi yanayoingia kutoka baharini, kama mafuta yanavyoelea juu ya maji. Ukichota kwa kiasi, utakunywa maji matamu siku zote. Ukivuta kwa mashine kubwa usiku na mchana, maji ya chumvi hupanda, na kisima cha jirani asiye na mashine huharibika pamoja na chako. Hoteli nyingi za Diani zina visima vyake vyenye mashine. Zaidi ya hayo, mawe ya matumbawe yana nyufa, na uchafu wa choo kilichochimbwa karibu na kisima hupita upesi.

Kutoa kibali cha kuchimba kisima cha mashine, na kuangalia ni maji kiasi gani yanavutwa, ni kazi ya Mamlaka ya Rasilimali za Maji, ambayo ni ya Serikali Kuu. Na Kwale imewekwa katika bonde la Athi, pamoja na Nairobi na Machakos, jambo ambalo mvuvi wa Gazi angelishangaa akiambiwa. Kukagua vyoo na kuruhusu majengo ni kazi ya kaunti. Mwenye kuchota kwa ndoo kwa matumizi ya nyumbani hahitaji kibali cha mtu. Maofisa wa kaunti wakisema kwamba wanalaumiwa kwa kisima kilichoingia chumvi hali hawakuwa na uwezo wa kukataza mashine iliyokivuta, wanasema kweli. Mamlaka ikijibu kwamba haikuruhusu choo kile kujengwa hatua kumi na tano kutoka kisimani, nayo inasema kweli. Mwenye kunywa maji hayo hana faida na kweli zote mbili.

Uhaba wa mvua za vuli za mwaka 2016 ulionyesha hatari yake. Ukame ulienea nchini, hata Februari 2017 Serikali Kuu ikautangaza kuwa janga la taifa. Wakati kama huo kila mwenye mashine huvuta zaidi, na kila asiye na mashine huenda mbali zaidi.

Tumesema mengi juu ya haki za kaunti. Yapasa tuseme na udhaifu wake. Makampuni ya maji ya kaunti hununua maji kwa jumla kutoka kwa Shirika la Pwani, kisha huyauza rejareja. Mara nyingi makampuni haya yamelimbikiza madeni kwa Shirika, na Shirika limelimbikiza deni la umeme, na umeme ukikatwa pampu husimama, na mji mzima hukauka ingawa kisimani maji yamejaa. Kwa nchi nzima, Bodi ya Kudhibiti Huduma za Maji imeandika katika taarifa zake kwamba katika kila lita 100 zinazotolewa, zaidi ya lita 40 hazilipiwi: huvuja njiani, huibwa, au hazipimwi. Kaunti inayodai ipewe mitambo yote sharti pia ijibu swali la lita hizo 40. Jawabu tulilokwisha kulisikia, kwamba mabomba ni makuukuu na yalirithiwa hivyo, ni kweli lakini halitoshi. Mita iliyokufa haikurithiwa kutoka kwa mtu.

Mwaka 2023 ulipelekwa Bungeni muswada wa kurekebisha Sheria ya 2016, ili kuwawekea njia wenye mitaji wa binafsi kujenga mitambo kwa kupatana na Serikali na kuuza maji kwa jumla. Hoja ya Wizara ilikuwa kwamba Hazina haina fedha za kutosha. Kwa kaunti, shauri la namna hii lina swali moja kubwa. Katika mapatano kama hayo mjenzi hutaka kuhakikishiwa kwamba maji yake yatanunuliwa, na mnunuzi ni kampuni ya kaunti. Bei ikipandishwa huko juu, kampuni haitaweza kuiteremsha huku chini, kwa kuwa bei ya rejareja sharti ikubaliwe na Bodi ya Kudhibiti na ilingane na gharama. Ndiyo maana afisa wa kaunti akisoma muswada wa namna hiyo huanza kutafuta mahali palipoandikwa nani atakaa mezani wakati bei ya jumla inapokatwa.

Jambo jingine lililo mbele ni bwawa la Mukurumudzi. Lilijengwa na kampuni ya madini ya Base Titanium ili kupata maji ya kuoshea mchanga wake, na uchimbaji ulikoma Desemba 2024. Usalama wa bwawa ni neno la Serikali Kuu. Kuyatumia maji yake kwa vijiji vya Msambweni, kama yakitumika, ni neno la kaunti. Humo serikali hizi mbili zitalazimika kuketi pamoja, na wenyeji wana haki ya kuwapo barazani.

Kwa sasa, msomaji mwenye shida ya maji na afuate njia hii. Bomba likipasuka au mfereji ukikauka, apeleke habari kwa kampuni ya maji ya kaunti, na akiona hasikilizwi, kwa Bodi ya Kudhibiti. Pampu ya kijiji ikivunjika, apeleke habari kwa idara ya maji ya kaunti kupitia ofisi ya wadi. Akiona kisima kipya cha mashine kinachimbwa na maji ya majirani yanaanza kuonja chumvi, habari hiyo ni ya Mamlaka ya Rasilimali za Maji, nayo iandikwe pamoja na tarehe na mahali. Na kabla bei ya maji haijabadilishwa, au muswada haujapitishwa, sheria inataka wananchi waulizwe. Tangazo la mkutano huo hutolewa katika magazeti na ofisi za kaunti, na wanaofika huwa wachache sana, ambao wengi wao huwa ni wenye hoteli na wenye makampuni.